Miaka Kumi na Minne Nikimngoja Mama Uwanjani

Tangu nirudi, kila mtu ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile: ilikuwaje huko? Nikianza kujibu, simu inalia, au mvua inaanza, au mtu anakumbuka ng'ombe wake. Basi nyinyi mliosoma nami pale Tabaka, mnaodai kwamba mlijua tangu zamani nitafika mbali (waongo wakubwa), nimekaa chini nikaandika. Habari za mikataba na karatasi za kusafiria sitaziandika, zinachosha. Nitawaambia njia ilivyokuwa.

Lakini mjue kitu kimoja kabla sijaanza. Watu wanafikiri nilikuwa nakimbiza vikombe. Vikombe nimebeba viwili, navyo nashukuru. Nilichokuwa nataka mimi ni Mama anione nikicheza, hata mara moja, kabla miguu yangu haijaisha. Yeye ni shemasi wa kanisa la Sabato, mnamjua, na mpira wa watu wakubwa unachezwa Jumamosi. Hapo ndipo penye shida yote.

Tabaka

Nyinyi mnakumbuka uwanja wetu ulivyokuwa: upande mmoja machimbo ya mawe ya sabuni, upande mwingine migomba ya watu wenye hasira. Mpira ukiingia machimboni tunashuka kuutafuta, tunarudi weupe kuanzia nywele hadi kucha. Baba yangu alikuwa mchongaji. Alifariki nikiwa darasa la sita, na tangu hapo mimi na ndugu yangu Ombati tukawa wa kusugua mawe kwa msasa, tumekaa na beseni la maji katikati ya miguu, tukilainisha twiga na viboko wa mawe waliochongwa na watu wengine. Mama naye alikuwa anapaka nta na kung'arisha.

Mpira nilicheza Jumapili tu. Mama hakuwa na neno na Jumapili, ila kwake hiyo ni siku ya kazi. Ijumaa jioni anafunga kila kitu, Jumamosi anashinda kanisani, na Jumapili asubuhi ameshashika jembe kabla jua halijatoka. Nikimwambia, "Njoo uone, leo tunacheza na watu wa Nyamarambe," ananijibu bila kuinua kichwa, "Mahindi yatapaliliwa na nani? Na huo mpira?"

Sikukasirika. Nilijiambia tu, ngoja, nitacheza mpira mkubwa mpaka jembe litaanguka lenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kichwa kikubwa hivi.

Nyansiongo

Timu ya kwanza kunichukua ilikuwa ya wafugaji wa Nyansiongo, kule Borabu. Nilifika na mfuko mmoja na baridi ikanipokea. Jamani, Tabaka kuna joto na hatukujua! Asubuhi ya kwanza nilivaa jezi mbili na bado meno yalikuwa yanagongana. Lakini uwanja, ee! Nyasi tupu, mpana, umekaa sawa, kwenye ardhi ambayo zamani ilikuwa mashamba ya wazungu. Ng'ombe walikuwa wanazifyeka nyasi wenyewe siku za kazi. Ukianguka huumii, unachafuka tu, na uchafu wenyewe mnaujua.

Kocha alikuwa mzee Barongo, daktari wa mifugo aliyekuja mazoezini na buti zake za kazini. Mimi nilienda kule nikiwa mshambuliaji. Nilikuwa nimefunga mabao Tabaka mpaka watoto wakawa wananiimba. Baada ya mazoezi mawili akaniita kando.

"Osoro, wewe una mguu mzuri wa kushoto."

"Asante, kocha."

"Na una mbio."

"Asante sana, kocha."

"Lakini mbele ya goli una haraka kama mtu anayedaiwa. Kuanzia leo wewe ni beki wa kushoto."

Nilinuna siku tatu. Beki! Kwetu beki ni yule kijana asiyejua kucheza lakini mpira ni wake. Nilikula chakula chao kwa hasira, ugali wa wimbi na maziwa ya mgando, bakuli baada ya bakuli, maana timu ile ilikuwa na maziwa kushinda maji. Siku ya nne nikamzuia winga mmoja machachari hadi kocha wake akamtoa, na watu wa pembeni wakapiga kelele. Nikaonja. Kumbe kumnyima mtu ni kutamu kama kufunga! Tangu siku hiyo sijatamani jezi nambari tisa tena.

Nilikaa misimu miwili. Kule nako tulicheza Jumapili, kwa sababu nusu ya timu walikuwa Wasabato. Nikamtumia Mama salamu kwa Ombati: sasa mimi ni beki, na uwanja una nyasi, njoo. Akanirudishia salamu na mkungu wa ndizi. Nyansiongo ni mbali, alisema, na Jumapili ana kazi.

Kisii mjini

Halafu wakaja watu wa klabu ya mjini. Klabu yenyewe siitaji, maana viongozi wake bado wanagombana. Ilikuwa ligi ya maana, yenye mashabiki wanaolipa kiingilio, na mechi zake Jumamosi saa tisa alasiri.

Nilikwenda nyumbani kumwambia Mama, na nikachagua siku mbaya, Ijumaa. Alikuwa jikoni anachemsha maharagwe ya kesho yake, anaharakisha jua lisizame. Nilimweleza nimesimama mlangoni. Aliendelea kukoroga. Nikafikiri labda hajasikia, nikarudia.

"Nimesikia," akasema. "Wewe ni mtu mzima, sikukatazi. Lakini mchezo wa Sabato usiniletee hapa. Usiniite nije. Na mimi nitakuombea kanisani saa hiyo hiyo unayocheza, kwa hiyo usifikiri nimekutupa."

Afadhali angenifokea. Nilitoka nikakaa nyuma ya nyumba nikalia, na sioni haya kuliandika hilo. Jumamosi ya kwanza niliyocheza pale mjini nilimaliza dakika tisini sijui nilichofanya. Wenzangu waliniambia nilicheza vizuri. Mimi nilikuwa nasikia tu nyimbo za kanisani kichwani.

Lakini nilibaki, miaka mitatu. Nilijifunza kucheza katika matope yale ya alasiri, maana mvua ya Kisii haikosi miadi. Mashabiki wetu wakaanza kunijua hata sokoni. Mama mmoja muuza parachichi alikataa kuniuzia siku tuliyopoteza. "Nenda ukakabe kwanza," aliniambia, na mfuko akaurudisha chini ya meza. Niliondoka bila parachichi lakini nimejaa fahari. Mtu hawezi kukunyima parachichi kama wewe si kitu.

Mombasa

Kutoka hapo nikaitwa Mombasa. Basi lililonipeleka liliharibika mara mbili njiani, na ya pili tulikaa kando ya barabara tukila mahindi ya kuchoma toka asubuhi hadi alasiri. Nilifika kambini kiatu kimoja kimepotea. Mpaka leo sijui mtu anafanya nini na kiatu kimoja cha mpira cha mguu wa kushoto.

Wapwani walinicheka wiki nzima. Siwalaumu. Mimi Kiswahili nilikipata shuleni, na ulimi wangu wa Kikisii "l" na "r" zinabadilishana viti zinavyotaka. Nikisema "lete mpira" wao wanasikia "rete mpira," na wanarudia kwa pamoja, kambi nzima, mpaka mpishi. Lakini walinilisha vizuri: mahamri na mbaazi asubuhi, viazi vya karai jioni. Siwezi kumchukia mtu anayenipa viazi vya karai.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Mechi ya pili, mpira wa juu unaingia kwenye boksi letu. Kipa wetu anatoka kuudaka. Beki wa kati, kijana wa Kisauni anayeitwa Athumani, naye anauendea. Naona watagongana. Kiswahili chote kikanitoka, nikapiga kelele kwa lugha ya nyumbani: "Tiga! Tiga!" Yaani, acha!

Athumani akasikia "Piga! Piga!"

Akapiga. Tena alipiga vizuri sana, kwa kichwa, kona ya juu, kwenye goli letu wenyewe.

Athumani akanigeukia, mikono kiunoni. "Si umeniambia nipige?"

"Nilikwambia tiga!"

"Ndiyo! Nimepiga!"

Tulibishana pale pale mpaka refa akaja kutuachanisha. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nilidhani watanifukuza. Kocha akaniuliza neno hilo maana yake nini. Nikamwambia. Akawaza kidogo, akasema, "Washambuliaji wa nchi hii wangapi wanajua Kikisii? Kuanzia leo safu yote ya nyuma itasema tiga." Na kweli, wiki hiyo tulifundishwa mazoezini: watu wa Likoni, wa Kilifi, wa Lamu, wote wanapiga kelele kwa Kikisii, na wapinzani wanatazamana. Msimu ule tulifungwa mabao machache kuliko timu yoyote, na tukabeba kikombe. Ninyi mnaweza kusema mnachotaka juu yangu, lakini mimi nimewafundisha Waswahili lugha.

Miaka minne nilicheza pale. Mechi zetu zilikuwa zinaonyeshwa kwenye televisheni, Jumamosi. Ombati alikuwa anakwenda kutazama kwa jirani baada ya ibada, kwa kuchungulia. Mama hakukanyaga.

Mwanza

Safari ya Mwanza nayo ilikuwa na kisa chake. Pale mpakani Sirare, aliyekaa pembeni yangu alikuwa mfanyabiashara wa Kitanzania, Mama Neema, anayenunua vinyago Tabaka na kuviuza Mwanza. Afisa akamuuliza ana nini kwenye magunia.

"Viboko hamsini," akajibu Mama Neema.

Afisa akaruka. "Viboko hamsini! Unakwenda kumchapa nani?"

"Viboko wa majini, mwanangu! Wa mawe!"

Afisa hakuamini. Akaamuru vyote vifunguliwe, na kila kimoja kilikuwa kimefungwa kwenye gazeti. Basi zima tulingoja. Mimi nilishuka nikamsaidia kufungua na kufunga, na nikiwashika wale viboko nilijua kabisa wamesuguliwa na nani kijijini, maana kila mtu ana mkono wake. Mama Neema alifurahi sana. Aliniambia nikifika Mwanza nisipite dukani kwake bila kumsalimia, na sikuwahi kupita bila kumsalimia. Shikamoo zangu zote nilizifanyia mazoezi kwake.

Mwanza walinipenda. Ndio wakati wangu mzuri kabisa: sato wa kukaanga, uwanja umejaa, na mimi kitambaa cha unahodha mkononi. Nahodha, mtoto wa Tabaka! Mwaka wa tatu, asubuhi moja kabla ya mazoezi, Ombati akapiga simu. Mama ameanguka shambani, nyonga imevunjika, yuko hospitali Kisii, atapasuliwa.

Nilikimbia moja kwa moja hadi kwa meneja. "Baba ni mgonjwa," nikamwambia. "Baba amelazwa. Lazima niende leo."

Meneja akanitazama juu ya miwani. Alikuwa mtu mpole, na ndiyo maana iliniuma zaidi. "Osoro, siku ya kwanza ulipofika hapa ulisema baba yako alifariki ukiwa mdogo. Tukakupa pole."

"Ndiyo, alifariki."

"Na leo amelazwa."

"Ndiyo. Baba amevunjika nyonga!"

Nyinyi mnacheka, mnajua. Kwetu mama mzazi tunamwita baba, na baba mzazi tunamwita tata. Tangu nizaliwe Mama sijamwita kitu kingine nikiwa nyumbani. Nimetoka tu kuongea na ndugu yangu kwa Kikisii, kichwa kimevurugika, nitakumbuka vipi kubadilisha? Na meneja wiki ile alikuwa amesikia kwamba klabu moja ya mjini Dar inanitaka. Akaamini natoroka. "Ukitoka kwenye geti hilo," akasema, "kitambaa unakiacha, na nafasi yako unaiacha."

Nilikiacha. Nilikivua, nikakiweka mezani kwake, nikaondoka.

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye. Meneja alipiga ile namba ya nyumbani niliyokuwa nimeiandikisha. Ilikuwa simu ya Mama, na Mama alikuwa nayo kitandani. Kiswahili chake ni cha kanisani tu.

"Namtaka baba yake Osoro," meneja akasema.

"Ndiyo," Mama akajibu. "Mimi baba."

"Wewe ni mwanamke!"

"Ndiyo. Mimi baba Osoro. Wewe nani?"

Meneja akakata simu kwa hasira. Kesho yake Mama Neema alikuja mazoezini kuulizia mbona sijapita dukani. Meneja akamweleza yote: kijana wako ni mwongo, baba yake amefufuka, tena ana sauti ya kike. Waliokuwepo wanasema Mama Neema alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. "Meneja," akasema alipopata pumzi, "kule kwao baba ndiye mama!"

Jioni hiyo nikapigiwa simu nikiwa wodini. Meneja aliomba radhi kiungwana, akaniambia kitambaa bado kiko mezani na hakuna atakayekigusa. Nilirudi nikacheza miaka miwili zaidi, na kikombe cha pili nilikiinua mimi mwenyewe. Lakini kabla sijaondoka pale wodini, Mama alinishika mkono. Nikamwambia, nikijua si wakati wake, "Nina miaka thelathini na moja. Beki hadumu. Nataka unione."

Akatazama mguu wake uliofungwa. "Iwe Jumapili," akasema. "Iwe karibu. Na Mungu anirudishie mguu."

Nyamarambe

Sasa mnajua kwa nini nilirudi. Mliniuliza kama nimefukuzwa, kama nimeumia, kama nimeoa Mwanza nikatoroka. Hapana! Mkataba mwingine ulikuwepo. Nilirudi kwa sababu timu ya Nyamarambe inacheza Jumapili, na ni karibu, na Ombati alinipigia akasema Mama ametembea na fimbo kutoka jikoni hadi barabarani na kurudi.

Vijana wa Nyamarambe waliniangalia kama babu. "Buda, utaweza kweli?" mmoja aliniuliza siku ya kwanza. Nilimkaba mazoezi mazima. Hakuuliza tena, na kitambaa cha unahodha wakanivalisha mimi.

Jumapili ya mechi Ombati alimleta Mama kwa pikapu ya jirani inayobeba ndizi. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Jumapili, siku ya jembe, nguo ya Sabato! Nilipoona ile nguo ya bluu nikainama kujifanya nafunga kamba, nikajifuta macho kwa soksi. Wakamwekea kiti cha plastiki pembeni mwa mstari, upande wa kushoto, upande wangu, na mwavuli juu.

Kipindi cha kwanza nilicheza mbele yake kabisa. Namsikia anamuuliza Ombati, "Mbona wanamkimbilia yeye tu? Amewakosea nini?" Winga wao aliponiangusha, Mama alimwita jina ambalo shemasi hapaswi kulijua. Nilicheza kama mtu wa miaka ishirini. Naapa, sikuwa na mapafu hayo hata Mombasa.

Mapumziko yakaisha tukabadilisha magoli. Nyinyi mnajua maana yake kwa beki wa kushoto: unahamia upande wa pili wa uwanja. Nikamwona Mama kule ng'ambo, mdogo, chini ya mwavuli. Nusu ya mchezo ataona mgongo wangu kwa mbali. Nikasema basi, nimepata nusu, inatosha.

Dakika chache baadaye nikaangalia tena, na kiti hakipo.

Alikuwa anakuja. Anazunguka uwanja mzima, nyuma ya goli, fimbo mkononi, hatua moja, anapumua, hatua nyingine, Ombati nyuma yake amebeba kiti kichwani. Mashabiki wa upinzani wakampisha. Kipa wao akamsalimia. Hakuharakisha hata kidogo. Mimi nilikaba kwa jicho moja.

Alifika upande wangu wakati mpira umetoka, na wa kurusha ni wetu, na wa kurusha ni mimi. Nimeushika juu ya kichwa. Hatua mbili kutoka kwangu, Ombati anakitafutia kiti mahali pa kusimama sawa kwenye mteremko wa pale pembeni, na Mama bado amesimama, anatetemeka kwa uchovu. Sikurusha. Refa akapiga filimbi. Sikurusha. Akaja mbio. "Nahodha, unachelewesha mchezo kwa nini?"

"Mama anakaa," nikamwambia.

Akatoa kadi ya njano, akaiinua juu yangu.

Mama alikuwa ndiyo kwanza ameketi. Akaiona ile kadi, akaniona mimi nimesimama chini yake, na watu wote wametulia wanatazama. Akainuka tena, akaiegemeza fimbo kwenye kiti, akapiga makofi. Alipiga peke yake, uwanja mzima, kwa nguvu zake zote. "Wamempa!" alikuwa anamwambia Ombati, machozi yanamtiririka. "Umeona? Wamempa mbele ya watu wote!"

Mpaka leo anawasimulia wanawake wa kanisani kwamba alikuwepo siku mwanawe alipotuzwa. Hakuna aliyemweleza, na yeyote kati yenu atakayethubutu kumweleza atanijua mimi ni nani.